Shokapu zikaguliwe kama breki

Breki zikianza kulia, dereva anakwenda gereji siku hiyohiyo. Shokapu zikifa, anavumilia hadi ada ya shule ipite, na ikipita linazuka jingine. Gari si linatembea? Abiria si wanafika? Tunasema mazoea haya ni ya hatari, na wa kuyakomesha ni wenye magari, mafundi na wakaguzi, kila mmoja kwa nafasi yake.

Kosa linaanzia kwenye kudhani kwamba shokapu imewekwa kwa ajili ya starehe ya mgongo. Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda baada ya kupita shimo. Ndani mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo, na nguvu ya mdundo inaishia kuwa joto. Siku mafuta yanapovuja, springi inabaki bila wa kuizuia. Kwenye rasta au barabara ya vumbi yenye mawimbi, gurudumu linaweza kurukaruka zaidi ya mara 10 kwa sekunde, na kila linaponyanyuka tairi linakuwa hewani. Tairi lililo hewani halifungi breki wala halisikii usukani. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakata mita 22 kila sekunde. Dereva anakanyaga pedali ileile aliyoizoea, pedi za breki ni mpya, na bado gari linapitiliza pale alipotarajia lisimame.

Watengenezaji wakubwa wa shokapu hushauri zibadilishwe karibu na kilomita 80,000, na zikaguliwe mara kadhaa kabla ya hapo. Ushauri huo unafikiria barabara nzuri. Sasa tazama hali yetu. Magari mengi yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam yametumika Japani na yamekwisha kuvuka kiwango hicho kabla hayajakanyaga tuta la kwanza la Chalinze. Daladala inayopiga kilomita 150 kila siku inamaliza kilomita 80,000 ndani ya mwaka mmoja na nusu, tena ikiwa imejaza abiria kupita viti vyake na kupita kwenye mashimo yaliyoachwa na masika.

Tatizo linaloudhi zaidi liko gereji. Shokapu iliyokufa inafunguliwa, inatobolewa ubavuni kwa drili, mafuta ya zamani yanamwagwa, yanamiminwa mengine, wakati mwingine oili ya injini, kisha tobo linachomelewa na kupakwa rangi nyeusi. Inafungwa, gari linatulia kwa wiki kadhaa, mwenye gari anashukuru kwa kuokoa fedha. Lakini oili ya injini si mafuta ya shokapu, uzito wake ni tofauti. Mpira wa kuziba, ambao ndio ulioruhusu uvujaji, umebaki uleule. Gesi ya nitrojeni iliyokuwa inazuia mafuta yasifanye povu imetoka na haikurudishwa. Na fundi anayetoboa chuma chenye gesi ya mgandamizo, halafu akakichomelea kikiwa na mafuta ndani, anahatarisha macho na mikono yake. Mwenye gari asiikubali kazi hiyo, na fundi anayejiheshimu asiifanye.

Shokapu za mtumba nazo hazina dhamana. Muuzaji anaibonyeza kwa mkono, inapanda taratibu, anasema hii bado nzima. Mkono wa mtu hauna kasi wala uzito wa gari linaloingia shimoni. Tunajua shokapu mpya ni ghali, na bandia zimejaa madukani. Hapo Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango (TBS) wana kazi ya kufanya. Hata hivyo, mwenye chombo cha abiria hana udhuru. Fedha ya shokapu itengwe kwenye hesabu ya kila mwezi, kama inavyotengwa ya matairi.

Tena ni fedha inayorudi, maana shokapu mbovu ndiyo inayokula matairi. Pitisha kiganja juu ya tairi: ukikuta mabonde na vilima, sehemu imelika na inayofuata haijalika, chunguza shokapu kabla hujanunua tairi jingine. Chungulia na bomba la shokapu kama lina mafuta yaliyoshikana na vumbi. Angalia pua ya gari inavyoinama ukifunga breki. Ile njia ya kulikandamiza gari kwenye kona na kuhesabu linadunda mara ngapi inasaidia, lakini gari likifaulu hapo usiridhike. Ipo shokapu inayoonekana nzima likiwa limesimama na ikashindwa barabarani.

Kwenye kubadilisha kwenyewe, tunawaomba mafundi uangalifu. Shokapu zinabadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, vinginevyo gari litavutwa upande. Ile fimbo ya pistoni inayong'aa isibanwe kwa plaizi, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu utaukata mpira wa kuziba, na shokapu mpya itaanza kuvuja ndani ya miezi michache. Springi ifunguliwe kwa kibanio chake, kamwe si kwa kufungwa kamba, kwani ikifyatuka inavunja taya. Mauntini ya juu na kava la vumbi vikaguliwe papo hapo, wakati kazi iko wazi. Nati zinazobana bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, bushi zinabaki zimejipinda na zinachanika mapema. Zikifungwa za mbele, gari liende alaimenti siku hiyo.

Kisha tunawageukia wakaguzi. Katika ukaguzi wa vyombo vya abiria, taa zinawashwa, honi inapigwa, matairi yanatazamwa, breki zinajaribiwa. Kuinama chini ya gari na tochi kuangalia shokapu nne hakumalizi dakika tano. Tunataka Kikosi cha Usalama Barabarani kiliweke jambo hili miongoni mwa masharti ya stika, kuanzia na mabasi ya shule na daladala. Basi ambalo shokapu yake imelowa mafuta au ina alama ya kuchomelewa ubavuni lizuiwe hadi zifungwe nyingine mbili, kushoto na kulia, na mmiliki aoneshe risiti ya zote mbili.