Mtoto wa Japani ambaye vijana wetu wanamtazama katika simu



Kama una kijana anayependa mpira, pengine umekwisha kuona katika simu yake jina la Takefusa Kubo. Ni Mjapani, alizaliwa mwaka 2001 katika mji wa Kawasaki. Tangu akiwa kijana mdogo, video zake zilizunguka dunia na watu wakamwita "Messi wa Japani". Watoto wetu wanamaliza mega wakitazama chenga zake, kisha wanatuambia: "Mama, masomo ya nini? Mimi nitafuata mpira."

Tuwajibu nini? Kuwakemea tu hakutoshi. Tuwaelezee maisha ya Kubo yote, maana video ya dakika moja haionyeshi miaka.

Mwaka 2011, akiwa na miaka 10, Kubo aliingia katika kituo cha watoto cha FC Barcelona, huko Hispania. Alijifunza mpira, akajifunza na Kihispania. Lakini mwaka 2014 FIFA iliadhibu klabu hiyo kwa kuandikisha watoto wageni kinyume cha kanuni. Kubo akazuiwa kuichezea. Mwaka 2015 akarudi kwao, akaendelea na FC Tokyo.

Alipotimiza miaka 18, mwezi wa 6 mwaka 2019, Real Madrid ikamchukua, na jina lake likajaa katika simu za watu. Hata hivyo, hakucheza mchezo rasmi hata mmoja katika timu kubwa ya Real Madrid. Aliazimwa Mallorca, halafu Villarreal, halafu Getafe, kisha Mallorca tena. Ni mwaka 2022, alipokwenda Real Sociedad, ndipo alipopata mahali pa kutulia. Sifa za simu hazikumpa nafasi uwanjani. Ilimpasa kuvumilia na kufanya kazi.

Wamama, ile kanuni iliyomrudisha Kubo nyumbani inatuhusu na sisi. FIFA inakataza mchezaji ambaye hajafikisha miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa mambo yasiyo ya mpira. Kanuni hii inalinda watoto, kwa sababu wengi walichukuliwa Afrika kwa ahadi tamu, kisha wakaachwa peke yao katika miji ya Ulaya, bila klabu na bila karatasi.

Basi, mtu akija kwako akisema, "Nipe dola, nitampeleka mtoto wako Ulaya akacheze," muulize: Ni klabu gani? Barua yake iko wapi? FECOFA inajua? Mtoto ana miaka 14, kanuni inaruhusu namna gani? Usimpe pesa, usimpe karatasi za mtoto. Klabu inayomtaka mtoto kweli haimwombi mama auze shamba.

Tusiwanyime watoto kiwanja. Wacheze baada ya masomo, na tuwatafutie mwalimu wa mpira anayejulikana mtaani. Lakini kama Kubo alijifunza lugha ya wageni akiwa na miaka 10, mtoto wetu naye ashike kalamu. Siku moja akiwekewa mkataba mbele yake, aweze kuusoma mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Katika mkutano wa kikundi chenu juma hili, zungumzeni jambo hili, na muwaite baba na vijana pia.