Arudishiwe Jina na Mwili Wake



Katika sura ya tano ya Injili ya Marko, Bwana wetu anakutana na mtu aliyefanya makaburi kuwa makao yake katika nchi ya Wagerasi. Minyororo na pingu zilikuwa zimeshindwa kumzuia, naye usiku na mchana alipiga kelele na kujikatakata kwa mawe. Yesu akamwuliza jina lake, na jibu lililotoka lilikuwa la umati, si la mtu mmoja. Mwishoni watu wa mji wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Mwili na nafsi vimerudiana.

Hatusemi kwamba kila mgonjwa wa akili ana pepo. La hasha! Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 1673) inatuonya wazi tusichanganye kazi ya Mwovu na ugonjwa, kwa maana kuutibu ugonjwa ni kazi ya tabibu. Tunataka tu kuwaalika mlitazame lile swali la jina na lile vazi.

Kijana mmoja mwanakwaya, ambaye ameturuhusu tuyasimulie haya bila kumtaja, alipoanza kuugua alikifunika kioo cha chumbani kwa khanga ya mama yake. Alitueleza baadaye kwamba sura aliyoiona humo ilikuwa ya mtu mwingine aliyeuazima uso wake. Mikono yake, alisema, iliendeshwa na wengine. Alijipapasa kifua kutwa nzima ili ahakikishe kwamba bado yumo. Nyumbani walidhani ni maringo, kisha wakadhani ni uchawi.

Wataalamu huiita hali hiyo saikosisi: mtu hushindwa kutenganisha yaliyopo na yasiyokuwapo. Hutokea katika magonjwa kadhaa, mojawapo likiwa skizofrenia, ambayo mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa inampata takribani mtu 1 kati ya 300. Tumezoea kuzitaja sauti anazozisikia mgonjwa. Mara chache twafikiri kwamba hata mpaka wa mwili wake huweza kufutika, asijue yeye anaishia wapi na wengine wanaanzia wapi.

Tusijidhanie kuwa tuko mbali naye. Mwaka 1998 watafiti wawili, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, waliwaketisha watu wazima wa afya mezani, mkono mmoja wa kila mtu ukiwa umefichwa nyuma ya kizuizi, na mbele ya macho yake wakaweka mkono wa mpira. Mkono uliofichwa na ule wa mpira ikapapaswa kwa brashi mbili kwa wakati mmoja. Baada ya dakika chache wengi walihisi kwamba ule wa mpira ndio mkono wao. Ikiwa brashi mbili zatosha kutuchanganya sisi tulio wazima, twawezaje kumcheka yule ambaye ubongo wake umeugua?

Kanisa halifundishi kwamba mwili ni ganda la kutupwa. Mtaguso wa Vienne ulilikazia jambo hili mwaka 1312, na Katekisimu (na. 364 na 365) inalirudia: mwili na roho ni umoja, na mwili unashiriki heshima ya kuwa mfano wa Mungu. Ndiyo maana neema hutujia kwa njia ya mwili: maji kichwani, mafuta kwenye paji la uso, Ekaristi ulimini. Basi anayemwombea mgonjwa roho yake huku akiufunga mwili wake kamba, anaomba kwa kinywa na kukana kwa mikono.

Yapo makosa mengine yasiyohitaji kamba. Kijana wetu alipelekwa hospitali, akapewa dawa, zile sauti zikapungua, akarudi kwaya. Lakini baadhi ya dawa hizo, kama olanzapini na klozapini, huongeza hamu ya kula na uzito. Baada ya Misa tukamzunguka na kumsifu: “Umenawiri! Umekuwa mtu mzima!” Kwetu kunenepa ni habari njema. Yeye, aliyekuwa ndiyo kwanza ameupata tena mwili wake, aliuona ukimgeuka mara ya pili bila ridhaa yake, na sisi tukishangilia. Akaacha vidonge kimyakimya. Baada ya miezi miwili kile kioo kilifunikwa tena. Sisi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa waliomsifu, na twakiri kosa letu.

Leo anaendelea vizuri. Daktari alimsikiliza, akambadilishia dawa. Laiti angalipata mtu wa kumwambia mapema kwamba lalamiko lake lilikuwa la haki, na kwamba dawa haiachwi ghafla bali hujadiliwa na aliyeiandika!

Wapendwa, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tuanze na haya machache. Tumwite mgonjwa kwa jina lake la Ubatizo, wala si “yule kichaa”. Tusimguse kabla ya kumwomba ruhusa, kwa maana mwili wake ni wake hata pale yeye mwenyewe anapolitilia shaka jambo hilo. Maji ya kuoga, nguo safi na nafasi kwenye benchi tumpatie kama haki yake. Tumpeleke hospitali mapema, na sala iandamane na tiba. Kuhusu unene na wembamba wake, tunyamaze.

Wale watu wa mji, walipomwona mwenzao ameketi na amevaa, waliingiwa na hofu, wakamwomba Yesu aondoke kwao. Hawakuwa tayari kumpokea ndugu yao aliyerudi. Tuombe neema ya kuwa tayari kuliko wao.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.