Chambo bandia wakati wa kusi

Ndugu mwandishi wa makala ya chambo bandia, kuhusu uzito wa chambo nakubaliana nawe, ila suala la rangi umelipita haraka mno. Njoo kwenye mdomo wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, upepo wa kusi ukivuma baada ya mvua. Maji ni ya hudhurungi kwa tope, na kile chambo cha kung'aa ulichokisifu hakionekani. Hapo funga cheusi, kinene, kinachotikisika kikivutwa: kolekole huhisi mtikisiko kabla hajaona kitu, na umbo jeusi hujitokeza akilitazama kutoka chini. Chambo chembamba cha chuma kiweke kwa siku ambayo upepo unakupiga usoni.

Halafu, kutupa mbali si hoja. Tafuta mfereji wa maji yaliyotulia kidogo kando ya povu, upitishe chambo humo. Wimbi likija, kusanya mshipi upesi usilegee. Likirudi baharini, punguza mwendo, maana hapo ndipo samaki huuma, mara nyingi karibu kabisa na ufuo.

Nawaomba wavuvi wenzangu: msisimame miambani peke yenu msimu huu, wala msiipe bahari mgongo.