Jasho la Mkulima na Elimu ya Kilimo



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Julai, vijana wetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, huingia katika likizo ndefu. Wengi hawaji kupumzika, kwa maana huo ndio wakati wa mafunzo kwa vitendo. Huku kwetu, tangu Newala hadi Masasi, huo pia ndio wakati mikorosho inapochanua na vumbi la salfa kutanda mashambani. Hakuna darasa bora kuliko hilo kwa mwanafunzi wa kilimo. Lakini nauli na posho vikichelewa, au mkopo usipotosha, mzazi huombwa fedha katika majira ambayo hana kitu: korosho za mwaka uliopita zimekwisha liwa, na minada kwa kawaida haifunguliwi kabla ya Oktoba.

Chuo hicho kilianza mwaka 1965 kikitoa stashahada, kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1969, kisha kikasimama chenyewe tarehe 1 Julai 1984. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki katika ajali ya gari Aprili ya mwaka huo huo. Ni chuo cha taifa zima, na kwa hiyo ni chetu pia. Hata hivyo, elimu ya kilimo haiishii Morogoro. Huko vijana hufundishwa, lakini majibu ya matatizo ya mkorosho hutafutwa hapa kusini, katika kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Chuo bila kituo cha namna hiyo hubaki na vitabu tu.

Wazee wanakumbuka vizuri. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimebaki kama tani 16,500. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa duni. Na ubwiri unga ulikuwa ukikausha maua. Watafiti wa Naliendele, kwa msaada wa Uingereza na Benki ya Dunia, ndio waliotufundisha wakati wa kupulizia salfa, jinsi ya kupogolea mikorosho mizee, na faida ya miche ya kubebeshwa. Kazi hiyo haikuwa ya msimu mmoja. Mkorosho mpya huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na mtafiti hawezi kuusifu mche kwa wakulima mpaka ameuangalia miaka mingi.

Mfadhili akiondoka, nani huibeba kazi ya miaka mingi hivyo? Jibu la haki lilikuwapo. Sheria ilielekeza kwamba katika ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje, asilimia 65 irudi kuendeleza zao: pembejeo, utafiti, ubanguaji. Mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria hiyo, na ushuru wote ukaelekezwa katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipinga kwa sauti kubwa, wakashindwa.

Hatusemi kwamba kila baya lililofuata lilitokana na uamuzi huo. Mavuno yalishuka kutoka tani 313,000 za msimu wa 2017/18, lakini hali ya hewa na vurugu za ununuzi wa mwaka ule pia zilichangia. Na ni haki kukiri kwamba baadaye Serikali iligawa pembejeo za ruzuku kwa wingi, hata msimu wa 2024/25 ukavuka tani 500,000. Lakini wingi huo usitulevye. Mfuko wa salfa unaonekana. Mgombea huupiga picha. Mshahara wa mtafiti, gari la bwana shamba na posho ya mwanafunzi havionekani, na upungufu wake hujitokeza baada ya miaka kumi, wakati aliyeamua hayupo tena madarakani. Mwaka 2003, kule Maputo, nchi za Afrika ziliahidi kukipa kilimo asilimia 10 ya bajeti. Ahadi hiyo nayo ni deni.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei wafanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, ulizeni makato ya kila kilo yanakwenda wapi, na kama lipo fungu la elimu, ni vijana gani wamelipata na kwa utaratibu gani. Mumwulize mbunge, kabla ya kikao cha bajeti cha Aprili na wala si baada yake, ni kiasi gani kimetengwa kwa Naliendele na ni kiasi gani kilichotolewa kweli mwaka uliotangulia. Tarakimu hizi mbili mara nyingi hazilingani. Na jumuiya zenye mwanafunzi wa kilimo zimwalike Julai hii, zimpe malazi na chakula, naye awatembelee wakulima mashambani mwao wakati wa salfa.