Mwamba Ngoma Ngozi Huivuta Kwake

Mvuvi wa Asembo Bay hasukumi mtumbwi wake majini kwa neno la mtu mmoja. Hutazama mawingu ya upande wa Homa Bay, huwauliza waliorudi alfajiri, kisha huupima upepo mwenyewe. Mtu aliye mwangalifu kiasi hicho kwa ajili ya samaki, haifai awe mzembe kwa ajili ya habari za nchi yake. Mambo yaliyowapata watu wa pwani hii ya Ziwa yaonyesha wazi hasara ya nchi yenye sauti moja.

Jirani ya Asembo ni Uyoma, na huko ndiko kwao Ramogi Achieng Oneko. Alikuwa mtu wa magazeti: katika miaka ya 1940 aliliongoza gazeti la Kidholuo lililoitwa Ramogi. Serikali ya kikoloni ilimkamata Oktoba 1952 pamoja na Jomo Kenyatta, na ingawa alishinda rufani yake, hakufunguliwa mpaka 1961. Kenya ilipopata uhuru, akawa Waziri wa Habari na Utangazaji.

Shirika la utangazaji la wakati huo, KBC, lilikuwa limeundwa 1961 kwa mkataba na makampuni ambayo mengi yao yalikuwa ya kigeni. Mwaka 1964, Oneko akiwa waziri, serikali ililitwaa shirika hilo, likawa Sauti ya Kenya. Kusudi lenyewe halikuwa baya, kwa maana taifa changa lahitaji chombo cha kuwaunganisha watu wa makabila mengi na kuwapa mafunzo ya kilimo na afya. Walakini nyumba ile ilijengwa kwa mlango mmoja tu, na ufunguo wake ukawa mkononi mwa mwenye kutawala.

Mwaka 1966 Oneko alijiuzulu akamfuata Oginga Odinga katika chama cha KPU, na mara akajikuta yuko nje ya mlango ule. Tarehe 25 Oktoba 1969 risasi zilipigwa Kisumu, siku ambayo Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Wenyeji wengi walisema kwamba walikuwa wengi zaidi. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, viongozi wake wakatiwa kizuizini, na Oneko akakaa humo hata 1975. Hapakuwa na redio nyingine nchini ya kuwahesabu upya wafu wale.

Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, hasara hiyo iliipata serikali yenyewe. Askari wa Jeshi la Anga waliiteka studio ya Sauti ya Kenya mjini Nairobi, wakatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku ile ile majeshi matiifu yakaikomboa. Lakini kwa saa kadhaa msikilizaji asiye na sauti nyingine hakuwa na njia ya kulipima neno alilosikia. Nchi ikiwa na studio moja, mwenye kuiteka ameyateka masikio ya watu wote.

Katika miaka hiyo sauti nyingine ilitoka ng'ambo. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda juu mpaka kwenye tabaka la hewa lenye umeme, yakarudishwa ardhini maelfu ya maili mbali, wala hayaombi ruhusa mpakani. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1954, ikiupinga ukoloni. London ikafuata tarehe 27 Juni 1957, Sauti ya Amerika 1962, na Ujerumani 1963. Msikilizaji wa Asembo aliweza kusikia habari za nchi yake mwenyewe kutoka miji asiyoijua.

Je, sauti hizo hazikuwa na wenyewe? Zilikuwa nao. Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. BBC ina Hati ya Kifalme tangu 1927 inayokusudiwa kuwakinga wahariri wake na amri za watawala; lakini mpaka 2014 idhaa zake za nje zilipata fedha zake kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Sauti ya Amerika ina sheria ya 1976 inayoiagiza kutoa habari za kweli zisizopendelea. Lakini Machi 2025 watumishi wake karibu wote walipewa likizo ya lazima kwa agizo la serikali, na matangazo yake katika lugha nyingi yakakoma. Mtegemea cha nduguye hufa maskini: sauti ya mbali ni msaada mkubwa, lakini mwenye kuizima naye yuko mbali.

Basi ngao iliyo bora ni ile iliyo nyumbani. Tangu miaka ya 1990 redio za watu binafsi zimeruhusiwa nchini Kenya, zikiwamo za Kidholuo. Tena, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 34, yasema kwamba vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua habari zao, visipendelee upande, na viwape nafasi wenye mawazo yanayopingana. Hayo ndiyo aliyoyakosa Oneko mwaka 1966. Hata hivyo, karatasi peke yake haitoshi: tarehe 30 Januari 2018 serikali ilivizima vituo vikubwa vya televisheni kwa siku kadhaa, ingawa Katiba hiyo ilikuwapo.

Mkulima na karani wana kazi yao katika jambo hili. Habari nzito isikilizwe katika vituo viwili au vitatu, kimoja cha nchini na kimoja cha ng'ambo, na kila mara iulizwe ni nani alipaye gharama. Na mtu akipata cheo asisahau kwamba mlango anaowafungia wengine leo, kesho huenda akaubisha yeye mwenyewe.