Masomo ya Siasa Si Kazi ya Wavivu



Hapa Himbi wazazi wengi humkataza kijana: "Usisome siasa katika chuo kikuu. Siasa ni maneno tu; soma udaktari ao sheria." Sisi makarani wa migodi tunasema: hapana.

Tukumbuke mwaka 1960. Toka 26 Aprili hata 16 Mei kulifanyika Brussels mkutano juu ya uchumi wa Congo. Viongozi wetu walikuwa wakitafuta kura. Wengi walituma wanafunzi mahali pao. Vijana wale walikuwa na akili, lakini vitabu vya hesabu za makampuni vilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Tarehe 27 Juni, siku tatu mbele ya uhuru, Ubelgiji ilivunja Comité Spécial du Katanga. Basi wingi wa kura katika Union Minière, ambao Congo ingerithi, ukapotea. Bendera tulipata, ufunguo wa ghala haukutufikia.

Ndiyo sababu tunataka watoto wetu wasome siasa. Lakini wasikariri majina ya Wagiriki tu. Wasome Katiba ya 2006, wasome Sheria ya Madini ya 2002 iliyogeuzwa 2018, wajue hesabu ya kampuni na mkataba wa kazi. Na wakati wa likizo wakae nasi jioni, watueleze.

Mzazi, wewe unayelipa minervali, muulize mtoto wako: "Unaweza kunisomea mkataba wangu?" Akishindwa, masomo yake hayajaisha.