Matembezi Yatangulie Upasuaji

Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mgonjwa wa Musoma au Bunda anayesubiri upasuaji wa kupunguza uzito hahitaji safari ndefu hivyo. Aanze na dakika 10 kwa siku, akiongeza taratibu hadi kufikia 150 kwa wiki. Matembezi huimarisha moyo na mapafu kabla ya dawa ya usingizi, tena humwezesha kuinuka kitandani mapema, jambo lipunguzalo hatari ya damu kuganda miguuni. Kwa hiyo mhudumu wa afya asiyaagize kama adhabu ya unene. Ampime kwanza shinikizo la damu, moyo na magoti, kisha amwandikie matembezi kama amwandikiavyo dawa: kiasi gani, mara ngapi, na asimame lini.